Kabla Uniulize Matumbawe Nilitoa Wapi

Wasee, kila nikiposti tangi langu la maji ya chumvi hapa Umoja, swali ni lilelile: "Buda, matumbawe ulitoa wapi?" Hakuna anayeuliza yanaishi aje. Hakuna anayeuliza stima ikipotea nafanya nini. Maoni yangu ni kwamba ukianza na "wapi", bado hujawa tayari.

Nijibu tu haraka. Vyangu ni vipande vilivyokatwa kwa tangi la msee mwingine hapa Nairobi. Tumbawe likitunzwa linakua, unakata kipande, kinashika jiwe lingine na kuendelea. Kuna mtu wa Pwani alijitolea kuning'olea kubwa baharini anitumie na basi la usiku. Nikakataa. Mwaka wa 1998 Bahari Hindi ilipata joto kupita kiasi, matumbawe ya Pwani yetu yakageuka meupe na mengi yakafa. Halafu mimi niende kung'oa yaliyobaki juu ya laiki?

Sasa kazi yenyewe. Tumbawe ni mnyama, na anajijengea mifupa ya kalsiamu. Baharini kalsiamu haiishi. Kwa tangi inaisha, kwa hivyo mimi huirudisha kwa maji ya chokaa. Cheki vile ni ajabu: mafundi wa zamani kule Lamu walichoma matumbawe wapate chokaa ya kujengea nyumba. Mimi nachukua chokaa, najenga tumbawe.

Lakini si chokaa ya kupaka ukuta, hiyo ina uchafu. Natumia ile safi, ya kiwango cha chakula, ya aina ambayo Wamexico hupikia mahindi. Gramu moja na nusu hivi kwa lita moja ya maji yaliyochujwa. Vaa glavu na miwani, koroga, funika, wacha itulie. Unga unakaa chini, unatumia maji safi ya juu. Ukiacha wazi, yanavuta kaboni dayoksaidi ya hewani, yanafanya utando na nguvu inaisha.

Hayo maji ni makali. pH yake inapita 12, na tangi liko 8 na kitu. Ukimwaga kwa mpigo unaua samaki. Ndiyo maana natumia dripu, ileile ya hospitali yenye kigurudumu cha kupunguza, nilinunua kwa kemisti. Tone moja moja, usiku, kufidia maji yaliyopotea kwa mvuke. Usiku kwa sababu taa zikizimwa, mwani unaoishi ndani ya matumbawe unaacha kutumia kaboni dayoksaidi, na pH inashuka.

Hapa ndipo Eastlands inaingia. Dripu haihitaji stima, inashuka tu. Pampu ndiyo inahitaji. Stima ikipotea saa nane usiku, maji yanasimama lakini chokaa inaendelea kudondoka mahali pamoja, na inachoma chochote kilicho hapo karibu. Kwetu kuna sheria moja: stima ikienda, atakayeamka kwanza anafunga dripu, ndiyo atafute tochi. Mathe anaijua. Siste yangu wa gredi ya sita anaijua, na kuna usiku ameifunga mimi nikiwa job.

Watu hudhani bei ya tangi ni doo. Doo utatafuta, hata kama ni polepole. Bei yenyewe ni usingizi wa watu unaoishi nao, ambao hawakuomba samaki wala matumbawe. Mathe hajawahi kuposti hilo tangi hata siku moja, lakini liko hai kwa sababu yake pia.

Kwa hivyo kabla ya kuja inboksi, uliza hapo kwenu nani ataamka. Ukipata jina, rudi tuongee mambo ya vipande.