Nilivyoleta 'Nyumba Ndogo' Kutoka Milan

Babu yangu alikuwa na kiko kimoja tu maishani mwake. Mrija ulipopasuka aliufunga kwa uzi, akaendelea kuvuta. Mimi mjukuu wake niliyesoma nikajikuta nina viwili, vyote vya Kiitaliano, na nusura vinivunjie nyumba. Kaa mkao wa kula, nikusimulie.

Mwaka 2018 ofisi ilinipeleka Milan kwa mafunzo ya wiki mbili. Sigara nilikuwa nimeshaacha. Ilikuwa ahadi yangu kwa Mama Neema kabla ya ndoa. Jioni moja natembea zangu, nikaona duka limepanga viko dirishani, vinang'aa kama fenicha mpya. Nikajisemea, kiko si sigara bwana. Si unajua tena, mwanaume akitaka kitu hakosi sababu.

Muuzaji, mzee mmoja mwenye Kiingereza cha kuungaunga, aliniuliza natoka wapi. Niliposema Tanzania akacheka, akafungua droo na kunitolea kiko cha zamani chenye nembo ya tembo. Kimeandikwa 'Kiko'! Kumbe enzi za Tanganyika kulikuwa na kampuni, Tanganyika Meerschaum Corporation, iliyotengeneza viko kwa jiwe jeupe jepesi kutoka pande za Amboseli, ikavipa jina letu la Kiswahili. Yaani nimepanda ndege mpaka Ulaya kwenda kuonyeshwa mali ya nyumbani.

Hicho hakikuwa cha kuuza. Akaniuzia Savinelli, jina lililoanza na duka la Achille Savinelli hapo hapo Milan mwaka 1876. Kimepinda kidogo, rangi ya kahawia, kinakaa vizuri kiganjani. Akanieleza kwamba mti wake, briar, hukatwa kwenye uvimbe ulio kati ya shina na mizizi ya kichaka kinachoota nchi za Mediterania. Huchemshwa kwa saa nyingi utomvu utoke, kisha hukaushwa kwa miezi mingi. Kujaza nako kuna masharti: tumbaku ya chini ishindiliwe kwa mkono wa mtoto, ya katikati kwa mkono wa mwanamke, ya juu kwa mkono wa mwanamume. Nikalipa Euro 95, karibu laki mbili na nusu.

Nilipofika Dar, mke wangu akauliza, "Shilingi ngapi?"

"Elfu hamsini tu, mpenzi."

Hapo ndipo uongo ulipozaliwa.

Siku za mwanzo nilikoma. Nilivuta kwa pupa kama sigara, ulimi ukababuka, kichwa cha kiko kikawa cha moto hakishikiki. Mara kikazima, nikawasha. Kikazima tena, nikamaliza kiberiti kizima. Polepole nikajifunza kuvuta taratibu, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Nikajifunza pia kwamba mti hunyonya unyevu, kwa hiyo kiko kilichotumika leo kinatakiwa kipumzike kikauke. Wazoefu huwa na zaidi ya kimoja. Basi nikaagiza cha pili kupitia mwenzangu wa ofisini aliyekuwa anakwenda huko. Euro 140. Hela nikaichota kwenye akaunti yetu ya kiwanja, ile ambayo kila mwezi kila mmoja anaweka laki mbili.

Mama Neema alikiona kabatini. "Baba Neema, hiki kingine cha nini?"

"Kimoja hakitoshi, mke wangu. Kikichoka lazima kipumzike, unahamia kwa mwenzake."

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Hayo si ndiyo maneno ya wenye nyumba ndogo?"

Tulicheka wote wawili. Kilikuwa kicheko cha mwisho kwa muda mrefu, maana wiki ile ile alikwenda benki kuulizia salio. Jioni nikakuta karatasi ya benki mezani, na pembeni yake risiti ya Milan aliyoitoa kwenye mfuko wa koti langu.

Hakupiga kelele. "Ungeniambia unakipenda, ningekusikiliza," alisema. "Ila umenidanganya bei, umechota hela ya watoto, na ahadi ya moshi umeizungukia mlango wa nyuma. Kesho nikikuuliza ulikuwa wapi, nitaamini vipi?"

Alikuwa na mimba ya miezi minne, harufu ya tumbaku inamtapisha, na mimi nilikuwa nasema ni chakula. Nilitaka kujitetea kwamba wavuta kiko wengi hatuingizi moshi mapafuni. Nikanyamaza. Saratani ya mdomo na ya koo haihitaji moshi ufike huko, na aliyekaa sebuleni na wewe anauvuta moshi wako apende asipende.

Usiku ule nililala kwenye kochi, nikawaza masharti ya yule mzee. Mtoto, mwanamke, mwanamume. Mimi nyumba yangu niliishindilia kwa mkono wa mwanamume kuanzia chini. Na kiko kilichoshindiliwa hivyo hakipitishi hewa. Kinazima.

Cha pili nilimuuzia yule yule mwenzangu kwa hasara, pengo nikalijaza kwa mshahara wangu. Kuaminiwa hakukurudi kwa haraka hivyo. Kwa miezi kadhaa kila nikitaja bei ya kitu, hata ya nyanya, naona macho yake yananipima. Nilianza kuleta risiti bila kuombwa, na nikiulizwa swali, nikajibu lile lililoulizwa.

Kiwanja tulikipata mwaka 2020. Mtoto wa pili yupo, anakimbia. Kile kiko cha kwanza ninacho bado, kimesafishwa, kipo juu ya kabati la vitabu bila tumbaku. Mara moja moja nakishika tu, nanusa, nakirudisha. Mgeni akikiona na kuuliza bei, najibu kabla Mama Neema hajafungua mdomo: laki mbili na nusu.