Maganda ya Nkambo

Mwalimu wetu wa tafsiri alitupa neno la Kifaransa, laiton, akataka Kiswahili chake. Mwenzangu akajibu: shaba. Mwalimu akauliza, na cuivre je? Darasa likacheka, maana sisi ni watoto wa mkoa ulioitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na hapo tulishindwa kutenganisha madini yetu na mchanganyiko wake. Mimi sikucheka. Mawazo yalikuwa yamenirudisha Lubudi, barazani kwa nkambo.

Nkambo alikuwa mstaafu wa reli. Alikuwa na Mauser ya 9,3×62, yenye kibali. Risasi hiyo iliundwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya wawindaji wa Afrika, lakini kwetu kuipata mpya ilikuwa taabu. Basi aliokota maganda yake mwenyewe porini, akayajaza tena. Kuchagua yanayofaa ilikuwa kazi yangu.

Ganda ni sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Likipigwa linatanuka; likirudishwa umbo linakuwa gumu, na mwisho hupasuka shingoni. Ufa huo hata mtoto anauona. Wa hatari umejificha ndani, juu kidogo ya kitako, pale ukuta unapokonda. Nkambo alinipa waya uliokunjwa ncha: niupitishe ndani taratibu, ukikwama kwenye kijifereji, nitupe. Pia alinikataza kuweka kopo karibu na zizi la mbuzi, kwa kuwa harufu kali ya mikojo hupasua shaba hii. Nilidhani ni miiko ya wazee. Baadaye nikasoma kwamba Waingereza kule India walipata hasara hiyo hiyo kwa kuhifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi.

Jumamosi moja wenzangu waliniita mpirani. Nilibakiza maganda machache. Katika moja waya ulikwama. Nikausukuma tena kwa nguvu, ukapita, nikaliweka upande wa mazuri.

Wiki iliyofuata nkambo alirudi ameshikwa mkono, kitambaa kimefunika jicho la kulia. Ganda lilikatika chumbani mwa bunduki, moto ukarudi nyuma. Kwa kila aliyekuja kumpa pole alisema, "Njo uzee, mwanangu, hata shaba inazeeka." Hakuwinda tena. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia, miaka minne, mpaka tukamzika.

Kopo nilipewa mimi. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, kulikuwa na kitako cha ganda lile. Mkato wake ni mviringo, umenyooka kama uliokatwa kwa msumeno. Alikuwa amelitunza, na waya ule ulikuwa umefungwa pamoja nalo.

Mwalimu aliandika ubaoni: shaba nyeupe. Nikanakili.