Kutoka Makobola hadi Uvira: tulivyochagua mashini ya chama

Wengi mmetuuliza kwa nini tulikwenda Uvira tukiwa na pesa ya kununua laptopu mpya, tukarudi na iliyotumika. Juma hili tunaeleza, maana pesa ilikuwa ya wote, na tunajua kwamba vikundi vingine vya hapa Makobola na vya huko Swima na Mboko vinajiandaa kununua pia.

Tuanze na sababu ya kununua. Hesabu za sanduku letu ziko kwenye madaftari: nani amenunua hisa ngapi, nani amekopa, nani amelipa. Sanduku lina kufuli 3 na funguo ziko kwa wamama 3, lakini daftari halina kufuli. Mvua ikivuja, limekwenda. Mchwa wakiingia, limekwenda. Na siku ya kukimbia, mama hubeba mtoto na sufuria, daftari hubaki. Watu wa Makobola hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mauaji yaliyoanza hapa tarehe 30 Desemba 1998 na kuendelea hadi siku za kwanza za Januari 1999 yaliandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, na wengi wetu tunajua maana ya kupoteza nyumba pamoja na kila karatasi iliyokuwa ndani yake. Tulitaka hesabu zetu, majina ya wanachama na tarehe za kuzaliwa za watoto wetu zikae mahali ambapo nakala yake inaweza kuingia kwenye flashi ndogo, na flashi ikafungwa kwenye pindo la kitenge.

Sababu ya pili ni karatasi za kuchapwa. Kila barua kwa mkuu wa sekta, kila ombi la msaada, tunalipa kwa ukurasa huko mjini, na juu yake nauli ya kwenda na kurudi.

Pesa ilitoka kwenye mauzo yetu ya mafuta ya mawese. Mfuko wa kusaidiana hatukuugusa, kwa sababu huo ni wa wagonjwa na wa matanga. Siku ya safari tulikuwa na dola 270, na wamama 4 walichaguliwa kwenda: mama prezidenti, mwandishi, mwenye sanduku, na mama mmoja ambaye kazi yake ni kuuza nguo za chaguwa. Huyu wa mwisho ndiye aliyetusaidia kuliko wote, mtaona kwa nini.

Tuliondoka asubuhi, katika juma ambalo barabara ilikuwa imetulia. Kutoka Makobola kwenda Uvira, ziwa liko mkono wa kuume na milima ya Mitumba iko mkono wa kushoto, na mahali pengine nafasi iliyobaki katikati inatosha barabara, nyumba na shamba dogo la mihogo tu. Hii ndiyo barabara ya taifa namba 5, inayotoka Bukavu, inapita Uvira na kushuka kuelekea Baraka na Fizi. Ufukweni tuliwaona wamama wakianika ndagala, na pikipiki zikipita na magunia marefu kuliko dereva. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda likameza nyumba nyingi za ufukweni, na ukifika sehemu za chini za Uvira unaona kuta zilizobaki majini. Mji huo ulijua maji pia mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba za watu. Tunayataja haya kwa sababu mashini tunayonunua itaishi katika nchi hii ya maji na vumbi, na barabara hii ndiyo itakayopita kila ikihitaji fundi.

Uvira ni mji wa kupokea. Mizigo inaingia kwa boti katika bandari ya Kalundu, ikitoka Kigoma na kwingineko ziwani, na inaingia kwa gari kupitia mpaka wa Kavimvira, ikitoka Bujumbura. Kwa hiyo katika duka moja ulikuta mapazia, redio, betri za jua na laptopu.

Kijana muuzaji alitupokea vizuri. “Karibuni, wamama. Mnataka mpya ao okazyo?” Akaweka mbili juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, nyepesi, bado ina plastiki yake. Bei dola 250. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito kidogo, ina mikwaruzo mfunikoni na alama ya gundi pale namba ya ofisi ya zamani ilipobanduliwa. Bei dola 230.

Wote tuliitazama mpya. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na mmoja wetu alisema neno ambalo hatutaki kulificha: “Kwa nini sisi kila mara tupewe kilichochakaa cha wengine? Nguo zao, gari zao, sasa na mashini zao?” Ni swali la haki. Kobalti inayoingia katika betri za mashini hizi, sehemu kubwa yake duniani inachimbwa katika Kongo yetu, na koltani ya Kivu huingia katika vipande vyake vidogo. Madini yanatoka kwetu yakiwa mapya, mashini inarudi kwetu ikiwa imechoka. Uchungu huo upo. Lakini pale mezani tulikuwa na swali jingine la kujibu: katika hizi mbili, ipi itakuwa bado inafanya kazi mwaka wa tatu?

Hapo mama wa chaguwa akachukua nafasi. Alisema, “Mimi nguo siitazami rangi. Naigeuza ndani nje, natazama mishono na makwapa.” Akamwomba kijana ageuze na mashini namna hiyo, atuambie kilicho ndani.

Ndani ya ile mpya mlikuwa na kumbukumbu ya kazi ya giga 4 na ghala ya giga 64, na vyote viwili vimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Maana yake, haviwezi kuongezwa wala kubadilishwa kwa urahisi. Programu ya Windows peke yake inakula sehemu kubwa ya giga hizo 64, na kila inapojisasisha inataka nafasi zaidi. Ghala ikijaa, mashini inakuwa nzito kama punda mgonjwa. Na ghala ikifa, mara nyingi mashini yote imekufa.

Ndani ya ile ya zamani mlikuwa na kumbukumbu ya giga 8 na diski ya SSD ya giga 256. Sehemu ya chini inafunguka kwa bisibisi. Kumbukumbu, diski na betri vinatoka na kuwekwa vingine. Mashini za namna hii ziliundwa kwa ajili ya ofisi, na ofisi za Ulaya na Marekani huzibadilisha baada ya miaka michache hata kama bado ni nzima. Ndiyo maana vipande vyake vinapatikana, na mafundi wamezizoea.

Basi si kila cha zamani ni dhahabu. Tuliipima, na vipimo hivi tunawaachia nanyi:

1. Tazama namba ya prosesa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya ulinzi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka mashini isiyo ya zamani sana. Kwa Intel, tafuta Core i3, i5 ao i7 ambayo namba inayofuata inaanza na 8 na kuendelea, kama i5-8250. Ikiwa i5-4300 ao i5-6200, jua kwamba umri wake umekwenda. Bado inaweza kufanya kazi na Linux, ambayo ni ya bure, lakini bei yake lazima ishuke sana.

2. Pima betri. Chomoa waya, acha mashini iwake kwa nusu saa huku ukiandika, na utazame imeshuka kiasi gani. Ikizimika ao ikishuka zaidi ya nusu, hesabu bei ya betri mpya kabla ya kukubaliana.

3. Zima, kisha uwashe tena mbele ya muuzaji. Ikidai neno la siri usilolijua, iache. Inawezekana bado imefungwa na kampuni iliyoimiliki, ao imeibwa.

4. Bonyeza kila herufi. Nyingi zinazotoka Uingereza na Marekani zina mpangilio wa QWERTY, na watoto wetu shuleni wanafundishwa ule wa Kifaransa, AZERTY. Si kasoro, lakini ujue.

5. Jaribu matundu yote ya pembeni kwa flashi, sikiliza sauti, fungua na ufunge mfuniko mara kadhaa. Tazama pia kichwa cha waya: cha Uingereza chenye meno 3 hakiingii kwenye soketi zetu bila kiunganishi.

6. Omba karatasi yenye jina la duka, namba ya mashini na muda wa dhamana. Muuzaji anayekataa kuandika amekwisha kukujibu.

Jambo moja ile mpya iliishinda ya zamani, nalo ni umeme. Chaja yake ilikuwa ya wati 45, ya zamani wati 65. Kwetu ambapo moto unatoka juani, hilo si dogo. Vile vifaa vidogo vya jua vya kuwasha taa 3 na kuchaji simu havitawasha yoyote kati ya hizo mbili. Inahitajika paneli kubwa, betri na kile kisanduku cha kugeuza umeme. Sisi tuna paneli ya chama, kwa hiyo tuliona tofauti hiyo inabebeka: kuchaji mchana jua likiwa kali, kuandika jioni bila waya. Kikundi kisicho na paneli kihesabu kwanza paneli, mashini baadaye.

Kijana alishuka hadi dola 210 baada ya mama wa chaguwa kumwonyesha mikwaruzo mmoja mmoja. “Mwanangu, hii tutaivaa mbele ya watu,” alimwambia, na yeye akacheka. Tulipata karatasi ya dhamana ya miezi 3. Dola 60 zilizobaki zilinunua flashi 2, kiunganishi cha waya na mfuko wa kuzuia maji. Baki imerudi kwenye hesabu ya chama, na risiti zote ziko kwa mwenye sanduku. Ye yote anayetaka kuziona aulize.

Kwa mwanafunzi wa chuo anayebeba mashini mgongoni kila siku, mwenye umeme nyumbani na kazi ndogo ya kuandika, ile mpya nyepesi ingeweza kumfaa. Kwetu sisi, mashini moja ya wamama 25, mbali na duka, ya zamani inayofunguka na kutengenezeka ndiyo tuliyoiona bora. Mama aliyeuliza juu ya vilivyochakaa vya wengine ndiye sasa anayejifunza kuandika juu yake. Anasema swali lake bado liko palepale, nasi tunakubali. Ameliandika kama kichwa cha mazungumzo ya mkutano ujao.

Mashini inakaa kwa mwandishi, flashi moja kwa mama prezidenti na nyingine kwa mwenye sanduku, kila mmoja nyumbani kwake. Kila siku ya mkutano nakala inafanywa mbele ya wote. Madaftari hatujayatupa, tutaendelea kuyaandika hadi mzunguko huu wa sanduku uishe, ili tulinganishe. Vikundi vinavyotaka kujifunza vipimo hivi kwa mikono yao, njooni baada ya mkutano. Mfuniko uko wazi.