Kurekebisha Sikio

Jioni moja hapa Dodoma, mzee jirani yangu, mwenye leseni ya redio ya ridhaa, aliniketisha mbele ya mtambo wake. Katika megahezi 7 tulimpata mtu wa Mombasa. Alama yake ya wito ilianza na 5Z, ya Kenya, kama yetu ilivyoanza na 5H. Sauti yake ilikuwa nyembamba mno, kama ya bata. Nikazungusha gurudumu kubwa hadi ikanyooka. Nilipojibu, kumbe nami nimehama: gurudumu lile huhamisha masafa ya kupokea na ya kurusha kwa pamoja. Naye akahama kunifuata. Tukawa tunafukuzana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayepotoka.

"Usihame, mwanangu. Rekebisha sikio," mzee akasema, akabonyeza kitufe chenye herufi RIT. Hicho huruhusu kusogeza masafa ya kupokea peke yake. Nikazungusha kidogo tu. Maneno yakaja safi.

Masafa, kabla ya kuwa neno la redio, ni umbali. Nilimkumbuka kijana wa Mombasa aliyeniletea shairi lake mwaka jana. Aliandika "mato", nikafuta, nikaandika "macho". Mizani haikupungua wala kuzidi, lakini neno lilikuwa la kwao, nalo ni la washairi wa tangu zamani. Hakuniletea shairi tena. Nilimhamisha yeye, ilhali kilichohitaji kusogezwa ni sikio langu.