Kofia ya Askofu na Kosa la Askari Wanne

Munich ni mji mkuu wa jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Katika barabara ya Prinzregentenstrasse limesimama Jumba la Makumbusho la Taifa la Bavaria, lililoanzishwa mwaka 1855 na Mfalme Maximilian wa Pili. Miongoni mwa hazina zake imo mitra, yaani kofia ndefu yenye ncha mbili avaayo askofu wakati wa ibada, na kanda mbili zikining'inia kisogoni.

Kofia hiyo ni ya hariri, imetariziwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Ilishonwa Uingereza yapata miaka 800 iliyopita, enzi ambapo mafundi wa nchi hiyo walisifika Ulaya nzima kwa kazi ya sindano. Baadaye ilihifadhiwa katika monasteri ya masista ya Seligenthal, mjini Landshut, iliyoanzishwa mwaka 1232 na Ludmilla, mjane wa mtawala wa Bavaria, Ludwig wa Kwanza, aliyekuwa ameuawa mwaka uliotangulia.

Upande mmoja wa kofia waonyesha Mtakatifu Stefano akipigwa mawe. Upande wa pili waonyesha mauaji ya Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury.

Becket alikuwa rafiki na chansela wa Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza. Alipofanywa Askofu Mkuu mwaka 1162, wawili hao wakafarakana: mfalme alitaka mapadre wahalifu waadhibiwe na mahakama zake, Becket akakataa. Mwaka 1164 alikimbilia Ufaransa, akarejea mwaka 1170 bila ugomvi kwisha.

Mfalme, akiwa Normandy, alitamka maneno ya ghadhabu mbele ya watu wake. Hakuamuru mtu auawe. Lakini askari wapanda farasi wanne waliyapokea maneno hayo kama amri, wakavuka bahari. Tarehe 29 Desemba, 1170, waliingia kanisani na panga mikononi. Askofu alikataza milango isifungwe. Mtu mmoja wa Kanisa, Edward Grim, alinyosha mkono kumkinga, akajeruhiwa vibaya. Pigo lilimkata Becket utosi, pale pale ambapo mitra hukaa.

Wauaji hao hawakupata tuzo waliyoitazamia. Walitengwa na Kanisa. Becket alitangazwa mtakatifu mwaka 1173. Mwaka uliofuata mfalme mwenyewe alikwenda Canterbury miguu mitupu, akakubali kuchapwa viboko na watawa.

Wahenga walisema hasira hasara. Mwenye madaraka apaswa kuyapima maneno yake, kwani wapo wayasikilizao wakiwa na silaha. Naye mwenye silaha apaswa kutambua kwamba ghadhabu ya mkubwa si amri halali. Kila askofu aliyeivaa kofia ile alibeba kichwani ukumbusho huo, nao ungali ukionekana Munich hadi leo.