Hapo Pako Salama?

Mtanzania anayejiandaa kuhamia London akinipigia simu, swali la kodi huja la pili. La kwanza huwa hili: "Dada, hapo pako salama?" Huuliza muuguzi aliyepata kazi hospitalini, huuliza mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na kwa wasiwasi mkubwa zaidi huuliza mama anayekuja na mtoto wa kiume wa miaka 14. Wote wanamaanisha visu, wizi na magenge. Na wote wamekwisha kupewa majina ya mitaa ya kuikwepa, Peckham, Tottenham, Hackney, Brixton, na jamaa ambaye hajawahi kulala hata usiku mmoja huko.

Hofu hiyo ina asili yake. Damilola Taylor, mtoto wa Kinigeria wa miaka 10, aliwasili London na mama yake Agosti 2000. Tarehe 27 Novemba mwaka huohuo alijeruhiwa kwa chupa iliyovunjika akitoka maktaba, huko Peckham, akafariki. Picha yake ya shule, anatabasamu, ilizunguka dunia nzima, na hakuna mzazi wa Kiafrika ughaibuni aliyeiona asimfikirie mwanawe. Mimi mpaka leo siwezi kumwambia mama yeyote kwamba hofu yake ni ya bure. Ila magorofa ya North Peckham yamebomolewa, mtaa umejengwa upya, na siku hizi watu wenye mishahara mizuri wanashindania vyumba huko. Anayechagua mtaa kwa majina aliyoyasikia anachagua kwa habari za miaka zaidi ya 20 iliyopita.

Zipo njia bora za kuuliza. Tangu 2011 polisi wa England na Wales wameweka wazi ramani ya uhalifu, mtaa kwa mtaa, kwenye intaneti. Unaandika postikodi ya nyumba unayoitazama, unaona matukio ya kila mwezi yaliyoripotiwa jirani nayo. Lakini ramani hiyo inataka msomaji makini. Alama zake haziwekwi kwenye nyumba yenyewe, zinasogezwa kidogo ili aliyedhurika asitambulike, kwa hiyo kituo cha treni au duka kubwa hubeba mzigo wa matukio mengi. Westminster, penye Bunge, hoteli na maduka ya Oxford Street, huongoza London kwa idadi ya makosa ukilinganisha na wakazi wake, kwa sababu wanaoibiwa simu pale wengi ni wapita njia. Huwezi kusema kwamba wakazi wa Westminster wanaishi katika hatari kuliko watu wote wa jiji. Tazama aina ya kosa. Simu kunyakuliwa nje ya stesheni ni jambo moja, nyumba kuvunjwa mchana au watu kupigwa katika njia utakayopita kila usiku ni jambo jingine kabisa.

Ukishamaliza ramani, nenda kwa miguu, tena nenda saa utakayokuwa ukirudi nyumbani. Hili ndilo watu wetu wanalolipuuza zaidi. Dar es Salaam jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima. London mwezi wa Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni. Nyumba uliyoionea raha Julai, watu wamekaa bustanini mpaka saa tatu usiku, ni nyumba nyingine Januari. Muuguzi anayetoka zamu saa mbili usiku atashuka basi gizani zaidi ya nusu ya mwaka. Basi pima mwendo kutoka kituoni hadi mlangoni. Je, kuna duka ambalo bado liko wazi? Madirisha ya nyumba yanatazama njia, au unapita kando ya ukuta mrefu wa ghala? Kuna njia ya chini ya barabara ambayo lazima uipite? Binafsi nitaiamini robo saa ya kutembea mtaani usiku kuliko maelezo ya wakala yeyote.

Haya yote bado ni nusu tu ya swali, na nusu iliyobaki ndiyo inayonifanya niandike.

Ella Adoo-Kissi-Debrah aliishi Lewisham, kusini mashariki mwa London, mita zipatazo 25 kutoka South Circular, barabara inayobeba malori na magari mchana na usiku. Alikuwa na pumu kali. Alilazwa mara nyingi, akafariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Mama yake, Rosamund, alipigania ukweli kwa miaka, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba hewa chafu ya barabarani ilichangia kifo cha mtoto huyo. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kutoa uamuzi wa namna hiyo. Jambo linaloniumiza zaidi katika kesi ile ni kwamba mama hakuwa ameelezwa uhusiano wa hewa ile na pumu ya mwanawe. Angejua, angeweza kuhama.

Awaab Ishak alikuwa mtoto wa miaka 2, wazazi wake wametoka Sudan, wanaishi katika nyumba ya shirika la makazi huko Rochdale, karibu na Manchester. Kuta zilijaa kuvu jeusi. Baba yake alilalamika mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Awaab alifariki Desemba 2020, na Novemba 2022 mchunguzi wa vifo akasema sababu ilikuwa kuishi muda mrefu katika kuvu hilo. Sheria yenye jina lake ilianza kutumika kwa nyumba za halmashauri na mashirika ya makazi tarehe 27 Oktoba 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na kuvu na unyevu wa kutisha vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi.

Watoto hawa wawili hawakuguswa na kisu wala jambazi. Wazazi wao wangeuliza "hapo pako salama?" wangejibiwa ndiyo, na jibu lisingewasaidia kitu.

Kwa hiyo mtu akinipa anwani ya nyumba siku hizi, maswali yangu yamebadilika. Dirisha la chumba cha watoto linatazama barabara gani? Ni kweli kwamba tangu 29 Agosti 2023 magari yanayochafua hewa zaidi yanatozwa pauni 12.50 kwa siku London nzima, na ni hatua njema, lakini barabara kuu bado ni barabara kuu. Kusogea mtaa mmoja nyuma yake kunabadilisha hewa anayovuta mtoto usiku kucha. Kisha naomba mtu afungue makabati, avute kitanda, aangalie kona za ukuta wa nje na juu ya dirisha la bafu. Rangi mpya iliyopakwa kona moja tu inanitia shaka. Naomba pia aone cheti cha nishati cha nyumba, ambacho hupanga nyumba kuanzia A mpaka G. Nyumba ya kupangisha kwa kawaida isishuke chini ya E. Nyumba inayopoteza joto ni nyumba ya kuta zenye maji, na sisi tunaoanika nguo ndani majira ya baridi huku tumefunga madirisha tunaongeza maji hayo. King'ora cha moshi kiwepo kila ghorofa yenye chumba cha kuishi. Moto wa tarehe 14 Juni 2017 uliua watu 72 katika jengo la Grenfell, na jengo hilo lilikuwa Kensington na Chelsea, mojawapo ya halmashauri tajiri kuliko zote nchini. Utajiri wa majirani haukuzuia moto kupanda ukutani.

Nyumbani nako tuna kasoro hiyohiyo. Dar es Salaam usalama tunaupima kwa ukuta: una urefu gani, juu una vipande vya chupa au nyaya za umeme, geti lina mlinzi, madirisha yana nondo. Kinachotuua aghalabu hakipiti getini. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu ya ghala la jeshi yalilipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka tena Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, wengi wao raia, na familia ngapi zilikimbia zikipotezana na watoto. Desemba mwaka huohuo wa 2011 mvua ilijaza Bonde la Msimbazi, maji yakazoa watu Jangwani na kwingineko, na serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande. Na zile nondo za madirishani tunazozilipia kwa fedha nyingi humfungia mtu ndani siku moto ukianzia sebuleni. Nimewasihi ndugu zangu waweke angalau dirisha moja la chumba cha kulala lenye nondo za kufunguka kwa ndani, ufunguo ukae mahali ambapo hata mtoto anapajua.

Tulio ughaibuni tunaingia mtego huu kwa fedha zetu wenyewe. Mtu yuko Reading au Leeds, anatumiwa picha za kiwanja cha Goba au Kigamboni zilizopigwa Agosti, ardhi kavu, nyasi fupi, bei nafuu kuliko jirani. Anauliza kama kuna vibaka. Hamuulizi mtu aliyezaliwa pale maji ya masika hupita wapi.

Lakini kuna kitu nyumbani wanacho ambacho London sijakipata kwa urahisi, nacho ni kujulikana. Nyumba kumi kumi na balozi wake zilianza enzi za TANU, katikati ya miaka ya 1960, zikiwa ngazi ya chama. Siasa zikabadilika, ila mazoea yakabaki. Mgeni akihamia mtaani, balozi anataka kujua ametoka wapi. Ukihitaji kufungua akaunti au kumdhamini ndugu polisi, serikali ya mtaa inakuandikia barua ya utambulisho kwa sababu kuna anayekufahamu. Kuna wanaochukia macho hayo, na nawaelewa, maana macho yanayokulinda ndiyo yanayokuchunguza umerudi na nani. Hata hivyo mzee akikaa siku moja bila kufungua mlango, mtu atagonga.

Wood Green, kaskazini mwa London, mwanamke aitwaye Joyce Vincent alikutwa amekufa chumbani kwake Januari 2006. Alikuwa amefariki Desemba 2003. Zawadi za Krismasi zilikuwa kando yake, televisheni ilikuwa bado inawaka, na walioingia ndani walikuja kwa sababu ya kodi ambayo haijalipwa. Alikuwa na miaka 38, ana dada zake, aliwahi kuwa na kazi nzuri, na chini ya nyumba yake kulikuwa na jengo la maduka linalopitwa na maelfu ya watu. Kila nikisikia mtu anasifu mtaa kwa kusema "kumetulia, hakuna anayekuingilia," nauliza ni nani angegundua kwamba hujaonekana wiki nzima.

Ndiyo maana, nikilazimika kuchagua, nitachukua nyumba ya kawaida katika mtaa wenye jina baya ambako familia tatu nne zinanijua, kuliko ghorofa jipya lenye kamera na mlango wa namba ambako sijui jina la mtu hata mmoja. Wanaonijua si lazima wawe Waswahili. Bibi wa Kijamaika wa nyumba ya pili, Mturuki mwenye duka la kona, jamaa wa msikitini au kanisani, wote hao ni ulinzi. Mwenye watoto aangalie pia shule, kwa sababu shule nyingi hupokea kwanza wanaoishi karibu, na mlango wa shule ndipo wazazi wengi wageni walipopata marafiki wao wa kwanza.

Tatizo ni kwamba anayekuja mara ya kwanza hawezi kufanya hata moja kati ya haya. Yuko Sinza au Moshi, ana tarehe ya kuanza kazi, na anatafuta chumba kupitia simu. Hapo ndipo matapeli wanapompata. Na ajue hili kabla hajatuma shilingi: England, tangu 1 Juni 2019, wakala haruhusiwi kutoza fedha ya kuonyesha nyumba, fedha ya kushikia nyumba haizidi kodi ya wiki moja, na amana kwa kodi za kawaida haizidi wiki tano. Amana hiyo lazima iwekwe katika mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Anayedai kodi ya miezi sita kwa nyumba ambayo hakuna mtu wako aliyeingia ndani, achana naye.

Nanyi mlioko huku tayari, ombi langu kwenu ni hili. Mdogo wenu akiwauliza kama mtaa uko salama, msimjibu kwa jina mlilolisikia. Pandeni basi jioni baada ya kazi, ingieni ndani ya nyumba ile, vuteni kitanda, nuseni kuta, bonyezeni king'ora, tembeeni mpaka kituoni na kurudi, kisha mpigieni simu mkiwa palepale. Siku akifika mpeni majina ya watu wawili wa kumgongea mlango. Nasi tunaonunua viwanja nyumbani tumwombe ndugu aende kukiona mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, na tumlipe nauli yake.