Keki ya diploma huko Idjwi



Mwaka jana, matokeo ya diploma ya serikali yalipotoka, dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Idjwi Kusini. Binti yake wa kwanza amefaulu! Dada ni mjane, na huyo mtoto amemsomesha kwa mananasi anayouza. Akaniambia: "Mdogo wangu, uje utupikie keki kama zile za Bukavu. Franga za keki nimekwisha kuziweka pembeni tangu mwezi wa tatu."

Nikapanda boti ya mbao Bukavu, kapu juu ya magoti: unga wa ngano, sukari, margarini, levire na mayai 12. Siku hiyo Ziwa Kivu lilikuwa na mawimbi. Tulipofika, mayai 3 yalikuwa yamevunjika.

Kwa dada hakuna furu, kuna mbabula na makala. Hiyo si shida. Unaweka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, vidole viwili, unaupasha moto sana. Unaingiza sufuria ndogo yenye keki, unafunika, na juu ya kifuniko unaweka makala machache.

Kosa lilikuwa langu. Nilitaka keki iinuke sana, watu waone kwamba mtu wa mji amefika. Nikamwaga levire nyingi. Kisha, baada ya dakika 20, nikafunua kuangalia. Katikati ikashuka, ikawa kama bakuli. Dada hakusema neno. Alitazama tu mayai yaliyobaki: 4. Na wageni walikuwa wanakuja jioni ileile.

Wamama, niliona haya. Kila mwaka ninaandika ubaoni kwamba Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na maji yanachemka karibu na digrii 95, si 100. Kwa hewa kama hiyo keki inavimba upesi mbele ya kuiva, halafu inaanguka. Darasani ninalijua, jikoni sikuliwaza.

Mama mkwe wa dada akaleta ndizi tamu nne, zimeiva mpaka ganda limekuwa jeusi. "Mwalimu, mwanangu, ponda hizi. Mayai yako hayatoshi." Nikatii. Safari hii levire nusu, sukari nikapunguza, na nikakataza mtu yeyote kugusa kifuniko mpaka dakika 40. Iliinuka pole pole, ikashika.

Ile ya kwanza hatukuitupa. Dada alipika mananasi na sukari kidogo, tukajaza lile shimo. Ndiyo iliyoisha mbele!

Binti aliingia kichwa cheupe kwa poda ambayo majirani walimmwagia, kama desturi yetu. Alikata kipande cha kwanza chenye mananasi, akapiga magoti, akampa mama yake kwa mikono miwili. "Mama, diploma hii ni ya mananasi yako." Dada akalia, na sisi wote tukalia naye.

Basi wamama, mkipika keki huku kwetu milimani: levire kidogo, ndizi mbivu mayai yakipungua, na msifunue mapema. Na keki ikishuka, msiifiche. Jazeni shimo kwa kile ambacho shamba lenu linatoa, muwape watoto wale.